Mtaro Uliorudisha Maji Mlangoni

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo ni ya ufagio mgumu ukisukuma maji kwenye sakafu ya vigae. Shwaa, kimya kidogo, shwaa tena. Aliyeushika alikuwa mama mwenye duka la nguo, duka la mwisho kwenye kona ya chini ya jengo moja la maduka hapa Garissa mjini. Mvua ilikuwa imepiga, na maji yote ya uwanja wa kuegesha magari yalikimbilia kwake kama yaliyoalikwa. Magauni ya diraa na baati na mashungi aliyokuwa ameyapanga rafu ya chini yalikuwa yamelowa na kuchuja rangi, nyekundu imeingia kwenye nyeupe, nyeupe haina tena la kujitetea.

Mimi nilifika saa hiyo hiyo, siku yangu ya kwanza ya kibarua, nimevaa suruali ndani ya dera na gambuti za mtumba miguuni. Hakunisalimia. Alivuta ufagio akaniletea wimbi zima miguuni, na si kwa bahati mbaya.

Nikacheka. Wallahi sikumcheka yeye. Nilicheka kwa sababu maji yalipita juu ya gambuti na miguu yangu ikabaki mikavu, na mimi hufurahi kwa vitu vidogo kama hivyo, mama yangu anajua. Lakini ukicheka mbele ya mtu anayekamua nguo zake za kuuza, utajieleza vipi? Aliuegemeza ufagio ukutani, akanitazama kuanzia kichwani mpaka chini.

"Naa," akaniita, vile wanawake wa kwetu huitana wakitaka kugombana. "Wewe ndiye fundi wameniletea?"

Nikamwambia mimi ni wa kushika mpira wa kupimia tu, eeddo. Eeddo ni shangazi, na ndivyo tunavyomwita mwanamke wa umri wake hata kama hatuna udugu. Akanijibu kwamba hakuna kaka yake aliyezaa mchimba mitaro, na kwamba badala ya kushika mpira niende nyumbani nikashike mtoto. Halafu akarudi kwenye ufagio wake. Tangu siku hiyo hatukupatana.

Kilichokuwa kinamsumbua si maji peke yake. Kila mtu pale alijua kwamba mwenye jengo ana shemeji anayeitaka ile kona afungue duka la simu. Yule mama alikuwa mjane, ameuza nguo pale miaka mingi, na maji yalishamwingilia mara mbili. Alisema waziwazi mbele yetu sote, mkono kiunoni, kwamba yakiingia mara ya tatu anafunga, na huyo shemeji achukue kona na vyura wake. Kwa hiyo mtaro wetu ndio uliokuwa unasema kama mtu huyu atabaki au ataondoka. Nililielewa jambo hilo siku ya kwanza. Sikulisahau hata siku moja, hata zile siku nilizotamani kulisahau.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa Bura, mrefu, ndevu zimepakwa hina, sauti yake ya kuita ngamia aliyepotea. Nilimwita adeer, baba mdogo, kwa heshima. Alikuwa amejenga mitaro ya vituo vya petroli na yadi za maduka kila upande wa kaskazini hii, na alikuwa na kazi nyingine inamngoja Rhamu. Hakunichukua kwa kunipenda. Mama yangu alimfuata wiki mbili, msikitini, hotelini, mpaka nje ya nyumba yake, akimwambia msichana wangu anapenda mambo ya maji, mchukue. Akanichukua ili mama aache kumfuata, na hakunificha.

Shule mimi niliachia darasa la nane. Kiswahili changu ni cha darasani na redioni, nyumbani ni Kisomali. Lakini ndoto ninazo, na sizionei haya. Wenzangu hutazama harusi kwenye simu. Mimi hutazama watu wa nchi za mbali wakizibua mitaro. Maji yamesimama, meusi, mtu anakuja na mti mrefu, anachokoa, halafu yote yanazunguka na kuondoka. Hapo moyo wangu hutulia. Nilijiona nina pikapu yangu, nyuma wamekaa wasichana watano wenye gambuti, tunaingia mji wa Eldas na watu wanasema wale wasichana wa maji wamefika. Kosa langu ni kwamba niliwasimulia wanaume wa kazini. Walicheka wiki nzima. Mmoja alikuwa akiniona naja ananiuliza pikapu nimeiegesha wapi, na mwingine anamjibu iko Nairobi inapakwa rangi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Uwanja ule ulikuwa umetandikwa kabro, yale matofali ya saruji yanayoshikana. Tulikuwa tung'oe mstari mmoja wa kabro kupita mbele ya maduka yote, tuchimbe, tumwage zege tupate mtaro, juu tufunike na wavu wa chuma ili magari yapite. Mtaro uanzie mlangoni kwa yule mama, kwenye kona, uende mpaka chemba ya kando ya barabara, shimo la zege ambalo ndani yake kuna paipu ya kupeleka maji kwenye mfereji mkubwa.

Adeer hakuwa na mashine ya kupimia. Alikuwa na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mrefu wa kuzunguka nyumba, aliokuwa akiujaza maji na kuuita levo. Maji yaliyo ndani ya mpira husimama sawa ncha zote mbili, hata ukiupitisha juu ya kifusi na chini ya lori. Yeye anashika ncha moja penye alama yake, mimi nashika nyingine kwenye kigingi, maji yakitulia anaita "hapo," nami natia alama ya penseli. Ukishapata alama zilizo sawa ndipo unajua uchimbe chini kiasi gani kila hatua ili maji yashuke. Na pale mteremko wote, kutoka mlango wa yule mama hadi chembani, ulikuwa vidole vinne tu. Ardhi ya Garissa imelala. Macho hayawezi kukuambia maji yataelekea wapi.

Lakini mpira una adui mmoja, hewa. Ikibaki ndani, maji ya upande mmoja yanapanda kumshinda mwenzake, na unatia alama ya uongo bila kujua. Kwa hiyo ukijaza lazima utembee urefu wote wa mpira ukiugonga kwa vidole, tak tak tak, mpaka hewa yote itoke. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Ndogo, lakini yangu.

Hakuna aliyetupenda pale. Madereva wa teksi walitutukana kwa sababu tuliwanyima nafasi. Mwenye hoteli alisema vumbi letu linaingia kwenye suqaar yake, ile nyama ya vipande vya kukaanga. Yule mama wa nguo ndiye aliyetushinda wote. Kila asubuhi alitoa beseni la maji machafu akalimwaga ndani ya shimo letu, eti analaza vumbi, nasi tulikuwa tukichimba matope mpaka saa nne. Wateja wake wakiingia alikuwa anawaambia kwa sauti, nikisikia, wamtazame yule msichana, ananuka choo na bado anataka mume. Mimi nilikuwa namsalimia kila siku. Salaam aleikum, eeddo. Alikuwa anaijibu kwa sababu dini inamlazimu, mdomo umefungwa nusu.

Nisiseme uongo kwamba sikuumia. Niliumia. Kuna siku nilienda nyuma ya lori la mchanga nikalia kidogo, nikajipangusa na mtandio, nikarudi nikitabasamu, na adeer akaniuliza nacheka nini tena.

Siku ya kupima ilikuwa Jumatatu. Asubuhi tulitia vigingi kutoka kwenye kona mpaka katikati ya uwanja, na kila alama ilikuwa sawa kabisa, hata adeer aliguna, na mguno kutoka kwake ni sifa. Ikaingia adhuhuri. Mabomba ya mji yalikuwa makavu siku ya pili, msikiti wa ng'ambo ya barabara ulikuwa umetangaza kila mtu aje ametawadha. Wanaume wakautumia mtungi wetu wa kazini mpaka tone la mwisho, wakavuka barabara. Mimi siku hizo sikuwa naswali, na mwanamke anayesoma anaelewa, kwa hiyo niliachwa nilinde vifaa.

Akabaki mtu mmoja, mzee wa sururu. Alikuwa mkimbizi wa kambi za Dadaab, mwembamba, mpole, mtu pekee pale aliyekuwa akiniita binti yangu. Alitikisa mtungi, mtupu. Mwenye mkokoteni wa punda alikuwa hajaleta maji. Mzee akainama apige mchanga kwa viganja, atayamamu, maana asiye na maji ameruhusiwa mchanga. Lakini mikono yake ikasimama hewani. Macho yalikuwa yameangukia ule mpira, umelala katikati yetu, umejaa maji safi yanayometa.

"Binti yangu," akasema, "mchanga haukubaliwi na maji yako mbele yangu."

Nikamwambia hayo ni maji ya kupimia. Akasema najua. Hakuniomba. Alisimama tu, na kule ng'ambo watu wakaanza kujipanga safu. Mtu aliyepanga foleni ya maji miaka ishirini, na sasa dhamiri yake inamzuia kwa kibaba kimoja cha maji. Sikuweza kumtazama vile. Nikatoa kizibo, nikainua ncha ya mpira, nikammiminia taratibu, mikono, kinywa, pua, uso. Alitumia kidogo sana, kama ndege, akapangusa kichwa, akaosha miguu, na yaliyobaki yakanywewa na mchanga. Akaniombea dua ndefu kwa Kisomali, Mungu anipe nyumba yenye kivuli, akakimbia kuwahi rakaa.

Nilijisikia vizuri kweli. Hilo nalo nalikumbuka.

Mwenye punda alifika wakati adeer anatoka msikitini. Nikaunganisha chupa iliyokatwa kitako iwe kama faneli, nikaujaza mpira haraka haraka. Jua lilikuwa limekaa katikati ya utosi, adeer anavuka barabara huku anapiga kelele kwamba kuna watu wanalala, yule mama naye amesimama mlangoni anasema hata mpira wa maji unahitaji mwanamume. Nikagonga mpira mara tatu nne pale karibu na miguu yangu. Sikuutembea wote.

"Tayari?" adeer akauliza.

"Tayari," nikasema.

Tukapima nusu iliyobaki, kutoka katikati hadi chembani. Jioni tukasawazisha kina cha shimo kwa alama hizo, na Jumanne tukamwaga zege.

Jumatano asubuhi mpishi wa hoteli alimwaga beseni la maji ya kuoshea vyombo ndani ya mtaro mpya, juu kidogo ya katikati. Nilikuwa nafagia kokoto. Niliona povu likiteremka vizuri, jeupe, linatembea kama lina haraka ya kwenda mahali, nami nikaanza kutabasamu. Likafika katikati likasimama. Nikangoja. Nikalala kifudifudi kwenye kabro za moto, shavu chini, nikautazama mtaro kwa urefu wake. Kutoka pale katikati kwenda chembani zege lilikuwa kavu. Mtaro ulikuwa unashuka nusu, halafu unapanda nusu. Mvua ikija maji yangejaa katikati, yakose pa kwenda, yarudi yalikotoka. Yalikotoka ni kwenye kona.

Nilielewa mara moja. Nilimwona mzee na mikono yake hewani, nikajiona mimi na zile "tak" nne.

Nilimtafuta adeer, nikampata anakunywa chai ya maziwa peke yake kivulini mwa lori. Nikamwambia mtaro unarudisha maji.

"Mtaro si mtu," akasema. "Haurudishi kitu."

Nikamwelezea. Nikasema mchana wa Jumatatu nilijaza mpira upya na sikutoa hewa. Aliweka kikombe chini polepole sana.

"Upya kwa nini? Asubuhi ulikuwa umejaa. Maji ya asubuhi yalienda wapi?"

Mzee alikuwa hatua kumi kutoka pale, sururu mkononi. Alisikia. Aliangalia chini. Nilijua akifukuzwa hapa hana pa kwenda ila kurudi kambini kungoja mgao. Nikasema la kwanza lililonijia.

"Nilikuwa na kiu, adeer."

Akanitazama, akautazama mpira.

"Umekunywa levo yangu," akasema.

Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Yeye hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo ndiyo mbaya, kwamba Alhamisi wavu utafungwa, Jumamosi anamkabidhi msimamizi wa mwenye jengo, Jumapili yuko njiani kwenda Rhamu, na kuvunja zege la mita kumi na tano ni siku nne alizokuwa hana. Mvua ya hapa inajulikana kwa kuchelewa. Nikamuuliza, na yule mama je? Akasema yule mama ameshatumwagia maji machafu ya kutosha, na yakimrudia atajua yanavyonuka. Kisha akaniambia nikafagie, na neno hili lisivuke midomo yangu.

Nilifagia. Nikajaribu kumchukia yule mama, nione kama ingenisaidia. Nilikumbuka yote aliyowahi kuniambia, moja moja, na ninaapa yalikuwa mengi ya kutosha. Lakini kila nikifika mwisho naiona ile nyekundu imeingia kwenye nyeupe.

Alasiri nikaenda mlangoni kwake. Nikasema kwa adabu, eeddo, tafadhali pandisha nguo za rafu ya chini, mtaro huu haujakaa sawa. Nilidhani ataogopa, au atanishukuru. Alikunja uso.

"Nani amekutuma?"

Nikasema hakuna aliyenituma.

"Ni yule shemeji ya mwenye jengo. Amekupa nini? Gambuti mpya?" Akaja karibu mpaka nikasikia uvumba kwenye shungi lake. "Mwambie nitatoka hapa nikiwa nimebebwa. Na wewe, mbwa wa mlangoni kwa watu, usikanyage tena kizingiti changu."

Neno mbwa kwa Mwislamu ni neno zito, nadhani alijua. Niliondoka masikio yananiwaka. Hiyo siku sikulia. Nilikasirika, na kwangu hasira ni kitu kigeni, sikujua niiweke wapi. Niliwakasirikia wote, yeye na adeer na mzee aliyetazama chini, na mwisho nikafika kwangu mwenyewe na nikakaa hapo muda mrefu.

Alhamisi asubuhi kabla wavu haujashushwa, nilimsimamisha mwenye punda barabarani nikanunua mkokoteni mzima, mitungi yote kumi. Aliniuliza kama kuna harusi. Nikamwambia aipange mlangoni kwa mama wa nguo. Saa nne, watu wamejaa, adeer anapima wavu, yule mama anatandaza mashungi nje, nikang'oa kizibo cha mtungi wa kwanza nikamimina ndani ya mtaro, pale pale chini ya mlango wake. Halafu wa pili. Adeer akapiga kelele nikomee hapo. Wa tatu. Mwenye punda, sijui kwa nini, labda kwa sababu alishalipwa, akaanza kunisaidia. Nilirusha kipande cha katoni juu ya maji ili kila mtu aone.

Katoni lilikwenda. Lilipita duka la dawa, likapita hoteli, madereva wa teksi wakasogea kulitazama. Lilipofika katikati likasita. Tukaongeza mitungi. Maji yakapanda kidogo upande wa chembani, yakashindwa, yakageuka. Katoni nalo likageuka. Lilirudi polepole likizungukazunguka, likapita hoteli, likapita duka la dawa, likaja likagusa zege chini ya kizingiti cha yule mama, likatulia hapo, na maji yakatulia nalo, hayana mpango wa kuondoka.

Punda akapumua kwa nguvu.

Yule mama aliliangalia lile katoni. Akanitazama, nikadhani sasa. Lakini alinipita kama nguzo, akamwendea adeer, na maneno aliyomwambia sitayaandika, maana yaligusa ukoo wake na mababu. Msimamizi wa jengo akatoka ofisini. Wavu ukarudishwa kwenye lori. Kabla ya adhuhuri nyundo zilikuwa zimeanza kuvunja zege kutoka katikati kwenda barabarani, na safari ya Rhamu ikasogezwa mbele.

Adeer aliniita kando. Nilitarajia kelele. Hakupiga.

"Nilikupa ncha moja ya mpira," akasema. "Ungeniambia Jumatatu, neno moja, tungepima upya jua halijashuka. Ulisema tayari. Mimi nikaamini. Leo umenivua nguo sokoni." Akaninyooshea mkono nimrudishie penseli. "Usinifuate tena. Wala mama yako asinifuate."

Alilosema lilikuwa kweli. Nilimpa penseli yake. Nilipopita kwenye kona yule mama alikuwa anakunja mashungi, na bila kuinua uso alisema nisimtazame kama mtu anayengoja asante, aliyeleta maji mlangoni kwake ni mimi. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mzee wa sururu alikuwa ndani ya shimo, anapiga, vumbi jeupe limemfunika. Hakuinua kichwa. Labda hakuniona. Nimeamua kuamini hakuniona.

Nyumbani mama alisikia kabla sijafika. Hakunipiga, hakunifariji. Alisema, sasa nitamfuata nani?

Zikapita siku nne nikikaa ndani, nikitazama simu na kutoona raha hata kwenye mitaro ya nchi za mbali. Siku ya tano mama alinituma dawa yake ya presha, na nilikuwa na maduka ya dawa matatu ya karibu zaidi, lakini miguu ilikwenda pale kwenye jengo. Ilikuwa alasiri, watu wameingia kuswali, maduka yamefungwa nusu mlango. Uwanja mtupu. Mtaro ulikuwa umemwagwa upya, zege bado bichi, jeusi kwa unyevu, limelazwa vizuri kwa mwiko kutoka katikati mpaka chembani. Nililala kifudifudi nikalitazama kama siku ile. Lilikuwa linashuka, lote.

Halafu nikaona mbuzi. Hawa mbuzi wa mjini wasio na mchungaji, wanaokula maboksi. Alikuwa ndani ya mtaro, katikati ya zege bichi, anatembea bila wasiwasi, na nyuma yake ameacha vishimo viwili viwili, vyenye kina cha kifundo cha kidole. Nikamfukuza kwa mtandio. Akaruka nje na kuongeza vingine vinne.

Nilitazama ng'ambo ya barabara. Safu zilikuwa zimeinama. Zege lilikuwa limeanza kushika. Wakimaliza kuswali, wakizungumza, wakinywa chai, lingekuwa limekauka na vile vishimo ndani yake. Kila mvua ingeacha humo mchanga kidogo, na mifuko ingenasa kwenye mchanga, na maji yangeanza tena kutafuta pa kurudi.

Mwiko ulikuwa ndani ya ndoo yenye mabaki ya zege, kwenye kivuli cha lori. Niliuchukua. Nikapiga magoti pembeni, nikakunja mkono wa dera, nikaanza na shimo la kwanza. Nililijaza kwa zege la kwenye ndoo, nikalibonyeza, nikapitisha mwiko kuelekea chembani, mkono mwepesi, jinsi nilivyomwona adeer akifanya. Kisha la pili. Nilikwenda hivyo kwa magoti, shimo baada ya shimo, mpaka hakuna aliyeweza kujua kwamba mnyama alipita. Nikauosha mwiko kwa maji ya ndoo nyingine, nikaurudisha ulivyokuwa, mpini juu, nikaondoka kabla hawajatoa salamu ya mwisho.